Mlango wa Gereji ya Bi Verla

Corinne, binti pekee wa Bi Verla Hutchens, alikuwa na wimbo mmoja aliouimba kila Jumapili kwa simu kutoka Chicago.

"Mama, hama huko. Huo mji unaboa mpaka unatia usingizi. Mtu afanye nini Indianapolis, atazame mahindi yakikua?"

"Hapa mjini hakuna mahindi," mama yake alimjibu.

"Si ndiyo hayo ninayosema? Hata mahindi hamna."

Bi Verla alicheka, maana ulimi huo Corinne alikuwa ameurithi kwake. Lakini akishaweka simu chini alibaki anafukuta. Alizaliwa Indianapolis, akasoma hapo, akaunganisha gia za malori kiwandani mpaka vidole vikaota sugu, akamzika mume hapo. Hakuna watu waliomuudhi kama wale wanaoupita mji wa wenzao kwenye barabara kuu, vioo vya gari vimepandishwa, halafu wakifika kwao wanatangaza kwamba hapakuwa na cha kuona.

Na kilichomchoma zaidi ni kwamba hawakuwa waongo kabisa. Mji ni mkubwa, watu wamejaa, na bado unaweza kutembea mtaa mzima Jumamosi mchana usikutane na mtu wa kumpa salamu. Wageni husema sababu ni kukosa bahari, au milima, au majumba marefu ya kupigia picha. Upuuzi mtupu. Bi Verla alikuwa na sababu yake moja, na alikuwa tayari kugombana na yeyote juu yake: mji ulipooza siku watu walipoacha kujenga baraza.

Yeye alikulia upande wa mashariki, katika nyumba ya mbao yenye baraza mbele, kwenye mtaa ambao huwezi kwenda dukani bila kuulizwa na kila nyumba unakwenda wapi. Ugomvi ulianzia barazani, na uchumba pia. Kisha yeye na mumewe Orval wakapata nafuu ya maisha, wakanunua nyumba Cattail Bend, pembezoni kabisa mwa mji, ambako nyumba zote ni mpya na hakuna hata moja yenye baraza. Uso wa nyumba ya Cattail Bend ni mlango wa gereji, mpana kuliko sebule. Mlango wa watu umebanwa pembeni kama mgeni asiyealikwa. Mwenye nyumba anarudi kazini, anabonyeza rimoti akiwa bado barabarani, mlango unapanda, gari linaingia, mlango unashuka. Nyumba imemmeza. Jirani akiwa na bahati ameona taa za nyuma.

Orval aliupenda mtaa ule. "Kumetulia," alisema.

"Hata makaburini kumetulia," Bi Verla alimjibu, "na huko angalau watu huleta maua."

Ng'ambo ya barabara, katika nyumba inayotazamana na yao, alikaa mgane mmoja aliyeitwa Ferrell Nusbaum. Walimjua kwa gari lake la buluu, basi. Mwaka mmoja, majani yakianza kupukutika, Bwana Nusbaum alianguka bafuni asiamke tena. Magazeti yakalundikana mlangoni, na aliyeshtuka hakuwa jirani, alikuwa mleta barua. Polisi walipokuja, Bi Verla alisimama dirishani akijaribu kukumbuka mara ya mwisho kumwona mtu yule. Hakukumbuka. Siku zote ambazo marehemu alilala sakafuni, Bi Verla alikuwa akiitazama nyumba ile huku akipika, huku akiosha vyombo, na hakuona la ajabu, kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa kama ulivyofungwa siku zote. Nyumba ya maiti na nyumba ya aliye hai zilikuwa na uso mmoja.

Alilia siku ile, na si kwa mapenzi, kwa kuwa hakumjua hata akampenda. Alilia kwa aibu na hasira. Kesho yake asubuhi aliupandisha mlango wa gereji mpaka juu, akalitoa gari nje, akaweka kiti cha kukunja pale katikati, akakaa na kikombe chake cha kahawa.

"Unamngoja nani?" Orval alimuuliza.

"Yeyote."

"Watu watatuona, Verla."

"Ndiyo kazi yenyewe."

Wa kwanza kusimama alikuwa Thurman Gaddis, dereva mstaafu wa mabasi ya jiji, mtu mrefu mwenye sauti ya kuamsha waliolala, aliyekuwa akimtembeza mbwa wake. Alipoona gereji iko wazi na kiti kimewekwa, alidhani wanauza vyombo vyao vya zamani kama watu wafanyavyo huko wakitaka kupunguza mizigo. Akauliza kiti bei gani. Bi Verla akamwambia kiti hakiuzwi, kinakaliwa. Thurman akafikiri kidogo, akakaa, na mbwa naye akalala. Baada yake akaja Pilar Ontiveros, muuguzi wa nyumba ya jirani, ambaye tangu hapo hakuweza kutoka zamu akaenda kulala bila kupitia gereji kuvua viatu na kulalamika. Wakaja na wengine. Orval aliyekuwa akiona haya mwishowe alileta friji kuukuu, redio na meza ya karata, akawa ndiye mwenyekiti wa wasengenyaji. Moyo ulipomwua, matanga yake yalikaliwa humo humo gereji, watu wakajaa mpaka kwenye nyasi. Mjane hakuufunga mlango hata wiki ile. Ulipanda na kahawa ya asubuhi, ukashuka mbu waliposhinda vita.

Ndivyo walivyoishi mpaka alipokuja Craig Dillehay.

Dillehay alihamishwa na kampuni yake kutoka Phoenix, akanunua nyumba ile ile ya marehemu Nusbaum. Hakuna aliyemsimulia habari za marehemu, na nani angemsimulia, wakati yeye naye alikuwa wa kumezwa na gereji na kutemwa asubuhi. Kabla hajayajua majina ya majirani alikuwa mwenyekiti wa chama cha wakazi, ambacho kila anayenunua nyumba pale hutia sahihi kwamba atakitii. Hakukipigania cheo hicho. Hakuna mwingine aliyekitaka. Lakini kuna watu ukiwapa filimbi hawawezi kukaa bila kuipuliza. Majira ya kuchipua yalipofika, alivuka barabara na karatasi mkononi, akasimama pale saruji ya nje inapokutana na sakafu ya gereji.

"Bi Hutchens, habari za leo. Nimeleta kanuni mpya. Milango ya gereji ikae imefungwa, isipokuwa gari linapoingia au kutoka."

"Kwa sababu gani?"

"Mtaa upendeze. Mtu akipita aone mtaa nadhifu, asione vikorokoro vya watu."

"Vikorokoro vyenyewe ndiyo mimi na Thurman?"

"Mimi nimeshazoea kuitwa hivyo," Thurman alisema. "Mke wangu ndiye aliyeanza."

Dillehay hakucheka. "Msinielewe vibaya. Si mimi, ni kamati."

"Kamati ni akina nani?"

"Ni mimi na wenzangu wawili."

"Na hao wawili walisema nini?"

"Walikubaliana na mimi."

"Basi ni wewe," Bi Verla alisema. "Kunywa kahawa, kisha urudi nayo karatasi yako."

Kahawa hakunywa. Alieleza taratibu, bila ubaya, kama daktari anayesoma majibu, kwamba chama kinaweza kwenda mahakamani, na kwamba wapo watu waliokaidi mpaka wakapokonywa nyumba. Kisha akaiacha karatasi juu ya friji, akavuka barabara, na mlango wake ukashuka.

Jioni ile viti havikujaa. Pilar alikuja, hakuvua viatu.

"Mimi nina watoto, Bi Verla. Sitaki kesi."

"Nani kakwambia utashtakiwa wewe? Gereji ni yangu."

"Tukae uani basi, nyuma," Thurman alisema. "Kuna kivuli, kuna miti."

"Na nani anapita huko nyuma? Kindi?" Bi Verla aliweka kikombe chini kwa kishindo. "Nyie hamnielewi. Mimi sitaki mahali pa kukaa. Viti ninavyo ndani, tena vya sponji. Nataka mahali pa kuonekana."

Bi Verla alijua vizuri kitakachotokea. Mlango ukishuka, Thurman atarudi kwa mbwa wake, Pilar atarudi kitandani kwake, na yeye atabaki na runinga na dirisha la jikoni, na siku moja magazeti yatalundikana. Hapo ndipo woga ulipomkaa, wala hakuwa mtu wa kuona haya kusema anaogopa. Alisema hata mahakama haimtishi nusu ya ile sakafu ya bafuni kwa Nusbaum.

Corinne alipopata habari, hakusubiri Jumapili.

"Basi yameisha, Mama. Njoo Chicago. Chumba chako kipo."

"Mbele ya chumba kuna nini?"

"Kuna korido. Tuko ghorofani."

"Nani anapita kwenye korido?"

"Jirani yangu simjui, kama ndilo unalouliza."

"Ndilo."

"Lakini angalau mtu ukitoka kuna mambo."

"Mambo sijayakosa, mwanangu. Ninachouliza ni watu. Nikianguka huko, mambo yatanipigia simu?"

"Ukianguka huko uliko, nitakuja."

"Utakuja, najua. Utaendesha gari huku unalia, na fimbo ya mbali haiui nyoka."

Mei ikaingia, na Mei ni mwezi wa mbio za magari. Watu wakapachika bendera za mirabaraba nyeupe na nyeusi kwenye maua yao. Ikaja karatasi ya pili ya Dillehay, mlango kwa mlango: kanuni ya gereji haina msamaha, hata Jumapili ya mbio.

Thurman aliisoma mara mbili. "Huyu bwana, ameambiwa yuko mji gani?"

Maana Jumapili ile ndiyo siku pekee ambayo Indianapolis nzima hufanya kama Bi Verla. Magari yanakimbia pale pale mjini, dunia nzima inayaona kwenye runinga, isipokuwa wenyeji. Wenyeji hawaonyeshwi mpaka jioni, ili wanunue tiketi. Asiye na tiketi ana redio. Ndivyo ilivyokuwa tangu Bi Verla yuko msichana, na mji umezoea hata hauulizi tena. Redio inawekwa mezani, nyama motoni, na milango ya gereji inapanda mtaa hadi mtaa, watu wakisikiliza kitu kimoja kwa wakati mmoja na kubishana juu ya kona wasiyoiona. Siku hiyo hakuna anayesema mji unaboa. Akisema, atanyimwa nyama.

Mwaka huo Cattail Bend ililala. Bi Verla alipandisha mlango asubuhi, akatazama juu na chini ya barabara, na milango yote ilikuwa imefungwa, bendera zinapepea peke yake. Watu wale aliwajua. Walikunywa kahawa yake, walicheza karata yake, walimzika Orval pamoja naye, na karatasi moja imewatia ndani kama kuku wakiona mwewe. Akaikoleza redio mpaka mwisho, akawasha mkaa, akaanza kukaanga vipande vya nyama ya nguruwe alivyoviponda mwenyewe, vipana kuliko mkate wake, vya kutosha mtaa mzima. Thurman alikuja na kiti chake. Pilar akaja baadaye, akitazama nyuma kama mwizi.

"Watatu," Thurman alisema. "Na nyama ya watu wote hii."

"Kula," Bi Verla alimwambia. "Usinihesabie."

Sasa ng'ambo ya barabara Dillehay naye alikuwa na karamu yake. Alikuwa amewaalika bosi wake, mke wa bosi na wenzake kadhaa wa kazini, wote wageni wa mji kama yeye, waje watazame mbio kwenye runinga kubwa aliyoinunua kwa kazi hiyo. Viti vimepangwa, barafu imewekwa. Saa ikafika, akawasha, akamkuta mwanamke anafundisha kushona mapazia. Akabadili stesheni, akapata wachungaji. Akabadili tena. Akaangalia nyaya nyuma ya runinga, akatoka jasho. Bosi wake, mtu mnene mwenye subira, akatoka nje kupunga hewa, na huko nje upepo ukamletea vitu viwili pamoja: harufu ya nyama, na sauti ya mtangazaji akipiga kelele kwamba gari la mbele limegusa ukuta.

Bosi alivuka barabara bila hata kutazama magari.

"Ndizo hizi?" aliuliza, akinyoosha kidole kwenye redio.

"Ndizo," Bi Verla alisema. "Kaa. Unakula haradali?"

Mkewe akamfuata, na wenzake wakamfuata mkewe. Thurman alipata watu wapya wa kuwaeleza kila kitu upya, na sauti yake ikapanda hadi mwisho wa mtaa. Mtu akisikia kicheko cha namna hiyo na yuko ndani peke yake na redio ndogo jikoni, roho inamsumbua. Mlango wa nyumba ya tatu ukapanda hadi magotini, ukasimama, kisha ukapanda wote. Ukafuata wa kando yake. Si yote, tusidanganyane. Wako watu ambao hata gharika haiwatoi. Lakini ilipanda ya kutosha, na watu wakaja wakiburuta viti, wanaangalia chini. Bi Verla hakuwasalimu kwa utamu. Aliwapa sahani na maneno.

"Mmefufuka?" aliwauliza. "Nilidhani nitawaimbia nyimbo za mazishi."

Wa mwisho alikuwa Dillehay. Alisimama pale pale aliposimama siku ya kwanza, kwenye mpaka wa saruji, akiwa na rimoti ya runinga mkononi.

"Nadhani runinga yangu ni mbovu," alisema.

"Runinga yako nzima, bwana," Thurman alimwambia. "Ni wewe hujapona. Hapa mbio hazionyeshwi."

"Lakini ziko hapo tu, naweza kusikia ngurumo zake!"

"Ndiyo sababu."

Watu walicheka, bosi naye akacheka mdomo umejaa. Dillehay alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Mwingine angeingia akakaa, yakaisha. Yeye alimsogelea Bi Verla pale kwenye mkaa, akasema kwa sauti ya chini, "Leo nimeshindwa, Bi Hutchens. Lakini ujue, kesho kanuni iko pale pale."

Bi Verla aligeuza nyama, akaweka uma chini. Alikuwa na hasira ya majira mazima na hakuona sababu ya kuificha mbele za wageni.

"Nyumba unayolala, unajua alikuwa akikaa nani?"

"Familia moja ya Dayton. Ndio walioniuzia."

"Kabla yao."

Hakujua.

"Ferrell Nusbaum. Alianguka kwenye bafu hilo la chini unaloogea. Alilala hapo mpaka mleta barua aliposhangaa. Mimi nilikuwa hapa, Craig. Hapa nilipo. Nilikuwa naitazama nyumba, na ilikuwa nadhifu kweli kweli. Mlango umefungwa, nyasi zimekatwa, inapendeza kama unavyotaka wewe."

Redio iliendelea kupiga kelele.

"Watu wanasema mji huu unachosha. Waseme," aliendelea. "Mimi kuchoka siogopi. Naogopa kufa nikiwa nadhifu. Peleka jina langu mahakamani, nitakwenda na kiti changu. Lakini nakuachia kazi moja, kwa sababu dirisha lako ndilo linalotazama hapa. Siku ukiona mlango huu umefungwa mchana, usiniletee karatasi. Njoo uvunje."

Pilar alimpa Dillehay sahani, na yeye akaipokea kwa mikono miwili, akala amesimama, hakuuliza tena habari ya mbio wala ya kanuni.

Kesho yake ilikuwa Jumatatu ya kuwakumbuka askari waliokufa, hakuna kazi. Bi Verla aliosha masufuria hadi usiku ukaenda, na mwili wa uzee haujui sikukuu. Alilala kama gogo. Jua lilipanda, kahawa haikuwashwa, na mlango wa gereji ulibaki chini.

Aliamshwa na kishindo. Kwanza alidhani ni ndoto, kisha akadhani ni mvua ya mawe. Mtu alikuwa anaupiga ule mlango wa pembeni, wa watu, na anaita jina lake, si Bi Hutchens, bali Verla, Verla. Akaliweka sawa gauni la kulalia, akafungua.

Alikuwa Dillehay, na slipa miguuni na nyundo mkononi.

"Nimeona mlango umefungwa," alisema.

Bi Verla aliitazama nyundo, akautazama mlango, uliokuwa umeshaumia upande mmoja. "Nilikuwa nimelala tu. Jana ilikuwa ndefu."

"Nimegonga sana."

"Mtaa wote umekusikia."

"Sawa." Hakuondoka. Alikohoa, akajaribu kurudisha uso wake wa mwenyekiti. "Kanuni bado ipo, lakini."

"Na mlango bado unapanda," Bi Verla alisema. Akamwacha pale, akapita jikoni miguu mitupu mpaka gereji, akabonyeza ukutani.

Mlango ulipofika juu, Dillehay alikuwa ameshazunguka, amesimama nje kwenye saruji, slipa zimelowa umande. Nyundo ilikuwa bado mkononi.

"Ingia ukae," Bi Verla alimwambia.